Aliye Taratibu Atangulie

Fundi cherehani huijua miili ya mtaa wake kabla ya daktari kuijua. Mteja akirudisha sketi ya mwaka jana na kusema imembana, najua safari hii nitafumua mshono kwa sentimita ngapi kabla hata sijachukua futi kamba. Ndiyo maana mafundi tunaacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono: tunajua mtu atarudi. Miaka mingi nimekaa kwenye kibaraza jirani na soko la Kilombero, jijini Arusha, miguu kwenye kikanyagio na mgongo umeinama, nikiongeza viuno vya sketi za watumishi wa ofisini, suruali za wenye maduka na magauni ya kina mama waliopimwa kabla ya Krismasi na kuja kuchukua nguo baada ya Pasaka.

Mtu anayepimwa hutulia, na akitulia huzungumza. Mikono ameinyanyua, mimi niko mgongoni kwake, hanioni usoni, basi ananiambia. Presha imepanda. Sukari imeonekana. Magoti hayakubali ngazi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na karibu asilimia 9 wana kisukari. Niliposikia takwimu hizo redioni sikushangaa. Nilikuwa nimezisikia kibarazani, moja moja, kwa sauti ya chini.

Mgongo wangu nao ulikuwa unaniuma. Jirani yangu anayeuza maziwa ndiye aliyenipeleka kiwanjani. Ni kiwanja cha shule ya msingi huku Sombetini, magoli mawili yasiyo na nyavu na mringaringa mkubwa pembeni. Saa 11 na nusu alfajiri watu walikuwa wameshafika, wengine na makoti, kwa sababu ilikuwa Julai, na baridi ya Julai inayoteremka kutoka Meru haina mzaha. Aliyeongoza alikuwa mzee mstaafu wa jeshi, tukimwita Afande. Hakuwa na spika wala muziki. Alikuwa na filimbi na sauti.

Alitukimbiza mchakamchaka. Mtanzania yeyote aliyesoma shule ya msingi miaka ile anaukumbuka: mistari miwili, kiongozi anaimba, kundi linaitikia, miguu inapiga chini kwa pamoja. Vijana wengi waliukuta tena Jeshi la Kujenga Taifa, lile lililoanzishwa mwaka 1963. Tukiwa watoto tuliuona kama njia ya kupashwa joto kabla ya kengele. Nilipourudia nikiwa mama mwenye watoto wakubwa ndipo nilipouelewa. Wimbo ule ni chombo cha kupimia. Anayeweza kuitikia anakwenda kwa mwendo unaomfaa. Anayekosa pumzi ya kuitikia amezidisha. Wataalamu wa mazoezi hutumia kipimo hichohicho: katika zoezi la wastani, mtu aweze kuzungumza bila kukatika pumzi. Kiitikio cha mchakamchaka ni kifupi, maneno mawili matatu, nacho kinapima hayohayo bila saa wala mashine. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za zoezi la namna hiyo kwa wiki. Nusu saa ya mchakamchaka, siku tano, hizo hapo zimetimia.

Afande hakukimbia mbele. Alikimbia ubavuni, kichwa amekigeuza upande, akisikiliza. Upande wa kushoto ukififia, aliupunguza mwendo wa wimbo, na kundi zima likapunguza bila kuambiwa. Hakumtaja mtu. Hakumwambia mama yeyote mbele ya wenzake kwamba amechoka. Nimeona walimu wengi tangu wakati huo, wengine wenye vyeti na miili ya kupendeza, lakini adabu ile ya kumpunguzia mtu mwendo bila kumwaibisha nimeiona kwa wachache.

Alipohamia Singida kwa wanawe, alinikabidhi filimbi mbele ya watu. Wapo waliokuwa wepesi kuliko mimi. Wapo vijana waliojua mazoezi ya kila namna. Nilimuuliza, "Afande, kwa nini mimi?" Akasema, "Binti, wewe umezoea kutazama watu. Hawa nao watazame."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya mwalimu. Fundi hutazama mabega kabla ya kukata kitambaa: lipi limeshuka, mgongo umepinda wapi, mtu anaegemea mguu gani. Mwalimu wa mazoezi hutazama vitu vilevile, tofauti ni kwamba mwili anaoutazama unatembea. Nilipoanza kusimama mbele ya kundi nilikuta macho yangu yanajua kazi. Yule anayeinua mkono mmoja juu na mwingine nusu ana bega linalomuuma. Yule anayeshika kiuno kila tukiinama asiiname hadi chini. Atainamia kwenye ukuta. Yule aliyezoea kucheka na leo kanyamaza, nitamfuata baadaye taratibu.

Kilichohitaji kujifunzwa ni hesabu. Kijana mmoja wa mtaani alituletea spika, tukaanza aerobiki, na aerobiki huenda kwa nane: nane kulia, nane kushoto, nane mbele, nane nyuma, ndipo unabadilisha. Mwalimu lazima aisikie nane inayokuja kabla haijafika, atoe amri kwenye saba, ili kundi ligeuke pamoja. Walioanza karibuni waliniambia hawawezi, hawana sikio la muziki. Nikawaambia mnalo, mlipewa shuleni. Shairi letu la Kiswahili tulilofundishwa kuhesabu kwa vidole lina mizani nane kwenye ukwapi na nane kwenye utao. Mtoto wa darasa la sita anayeghani shairi anageuza sauti pale pale sisi tunapogeuza mguu. Siku hiyo nilizima spika, tukahesabu kwa sauti kama tunaghani, na mama mmoja aliyekuwa akigongana na wenzake kila mara akageuka kwa wakati wake.

Baadaye tulialikwa kwenye bonanza la vikundi vya mazoezi katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, nikafurahi mno kukumbuka uwanja ule unabeba jina la nani. Kaluta Amri Abedi alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na akawa waziri, lakini kwa wapenzi wa lugha yeye ndiye aliyetuandikia, mwaka 1954, kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Alifariki mwaka 1964. Sijui mji mwingine wa kwetu wenye uwanja mkubwa wa michezo uliopewa jina la bingwa wa mizani. Mamia ya watu tulikuwa tukihesabu nane juu ya nyasi zake.

Sasa niseme juu ya nguo, kwa sababu hapa ndipo wanawake wengi hukwama na hakuna anayewauliza. Kina mama walikuwa wakipita pembeni ya kiwanja wanatutazama, wanaondoka. Nilipowauliza kibarazani, jibu lilikuwa moja: nitavaa nini? Suruali za kubana zinazouzwa madukani haziwafai, na mume au mama mkwe atasema. Muislamu anataka kujisitiri. Mlokole naye anataka kujisitiri. Mama wa Kiarusha aliyezoea shuka na kanga hataki kuonekana umbo mbele ya vijana wa mtaa. Nikashona suruali pana ya kitambaa chepesi kinachonyonya jasho, mpira kiunoni, kifundoni nimeibana kidogo isimkanyagishe, na juu yake shati refu lenye mpasuo pembeni ili paja lipate nafasi. Kwa wanaotaka, ushungi wa kitambaa cha jezi usioteleza. Bei niliweka ya kitambaa na uzi. Kila aliyevaa aliwaleta wawili. Raba walizipata mitumbani, na wasiozipata walikuja na yeboyebo, tukawapa mazoezi ya kusimama mahali pamoja. Nikisikia mtu anasema wanawake wa mtaani ni wavivu wa mazoezi, huwa namjibu: waulize kwanza kuhusu nguo, halafu uliza nani ameachiwa mtoto alfajiri.

Watoto nao tuliwapatia jibu. Wanakaa chini ya mringaringa na bibi mmoja ambaye miguu yake haimruhusu kukimbia, naye anafanya mazoezi yake ameketi. Anakaa kwenye kigoda, anasimama, anakaa, anasimama, bila kushika kitu. Ndilo zoezi bora kwa wazee ninalolijua. Mzee anayeweza kuinuka kigodani mwenyewe ataweza kwenda chooni mwenyewe usiku, na heshima ya uzee iko hapo. Kwa uzito tunajaza mchanga kwenye chupa za maji za lita moja na nusu. Kuna mstaafu wa General Tyre, kile kiwanda cha matairi cha hapa Arusha kilichosimamisha uzalishaji mwaka 2009, aliyetuletea matairi ya zamani; tunayapanda na kuyashuka.

Mtu aliyenifikirisha kuliko wote hakuja kupunguza mwili. Ni bibi wa Kiarusha anayeteremka kutoka upande wa Ng'iresi na mikungu ya ndizi. Siku za kuamkia soko hulala kwa bintiye mtaani kwetu. Alifika kiwanjani amesindikizwa na binti, akasimama ameegemea fimbo. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Nyie mnakimbia mnakwenda wapi?" Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mimi nimeshuka mlima na ndizi kichwani tangu msichana. Niambie, nikimbie tena ya nini?"

Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Arusha ni mji wenye watu wawili wanaokutana sokoni: mmoja anakaa mno, mwingine anabeba mno. Ushauri wa mazoezi tunaoupata kutoka kila mahali umeandikwa kwa ajili ya yule wa kwanza. Wanawake wanaoteremka kutoka miteremko ya Meru na ndizi, maparachichi, majani ya ng'ombe, maziwa, hawahitaji mtu wa kuwaambia wahangaike. Shingo zao zimekauka, viuno vimekazwa na uzito, na mikono haijawahi kunyanyuliwa juu isipokuwa kushikilia mzigo. Bibi yule nilimlaza kwenye mkeka. Tulianza na shingo, tukaenda mabega, tukaenda mgongo, taratibu, pumzi inaingia puani, inatoka mdomoni. Alikaa pale muda mrefu. Tangu hapo kila Jumamosi robo saa ya mwisho ni ya kunyoosha viungo tu, na ndiyo robo saa inayojaza watu. Wanakuja wauza ndizi, wabeba mizigo wa stendi, mafundi ujenzi. Vijana wa Kimaasai wanaolinda maduka usiku hupitia kwetu wakitoka lindoni, wanawaamkia kina mama "Takwenya!" na kina mama wanaitikia "Iko!" kabla hatujalala mkekani.

Kisha ukaja mwaka 2020, na korona. Shule zilifungwa katikati ya Machi, na kiwanja kikafungwa pamoja nazo. Tuliporudi baada ya shule kufunguliwa mwishoni mwa Juni, kundi lilikuwa limebadilika. Arusha inakula kwa utalii. Wageni walioingia Tanzania mwaka 2019 walizidi milioni 1.5, mwaka 2020 walishuka hadi takriban 620,000. Nyuma ya tarakimu hizo kuna madereva wa watalii waliopaki magari, wapishi wa kambi, waongozaji, wapagazi wa Kilimanjaro na Meru, wanaume wenye nguvu zao waliokaa nyumbani asubuhi hadi jioni wakiwatazama wake zao wakienda sokoni. Wakaanza kuja mmoja mmoja. Mwanaume asiye na kazi huona haya kukaa kijiweni saa tatu asubuhi, lakini hakuna anayemshangaa akiwa na raba na jasho saa 12. Madereva walikuwa na migongo mibovu kuliko wangu, miaka mingi ya kurushwa kwenye barabara za hifadhini. Hatukuwauliza maswali. Tuliwahesabia nane kama wengine.

Wapagazi ndio waliotufundisha. Walipendekeza, mambo yalipotulia kidogo, kundi zima twende kutembea Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ile iliyoanzishwa mwaka 1960, ambayo wengi wetu tumezaliwa chini yake na tulikuwa hatujawahi kuvuka lango lake. Tukachanga nauli na viingilio, tukakodi basi hadi Momella. Kwenye Meru hupandi peke yako. Chini ya mlima kuna nyati na tembo, kwa hiyo askari wa hifadhi mwenye bunduki hutangulia, iwe unakwenda kituo cha Miriakamba, iwe unakwenda kileleni. Sisi tulikuwa tunakwenda maporomoko ya Tululusia tu, kwa ajili ya wazee wetu.

Vijana wakajipanga mbele, kama ilivyo desturi. Askari akawatazama, akawaambia warudi nyuma. "Nani hapa anatembea taratibu kuliko wote?" Kukawa kimya. Bibi wa kigoda, aliyekuja na fimbo, akanyanyua mkono. Askari akamweka nyuma yake mara moja, kisha anayemfuata kwa mwendo wa taratibu, hadi vijana wakawa mkiani. "Bunduki ni moja," akasema. "Kundi likikatika, walioachwa hawana ulinzi."

Tukatembea hivyo. Nyati walikuwa uwandani upande wa kulia, wengi, wametuinulia pua. Bibi alikwenda mwendo wake bila kugeuka, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumkimbiza. Nyuma nilisikia vijana wakipiga hadithi na madereva wakitaja majina ya ndege. Hakuna aliyesema tunachelewa. Kilichobadilika ni pumzi ya yule bibi. Akitembea na wenzake alizoea kuwa wa mwisho, na wa mwisho hubeba mzigo wa ziada: anaharakisha kwa aibu, anasimama ghafla, anaharakisha tena. Akiwekwa mbele, mzigo ule unaanguka. Alifika majini hajachoka kuliko wengine.

Tangu siku hiyo mchakamchaka wetu unaongozwa na aliye taratibu kuliko wote. Wenye nguvu zao nao hawakai bure: wanatoka kwenye mstari, wanazunguka kundi, wanarudi mkiani, wanatoka tena. Wanakimbia mara mbili ya umbali wetu na wanafika pamoja nasi. Kuna siku mbili za wiki walizojitengea kukimbia kwa kasi kwenye njia ya Burka, kandokando ya mashamba ya kahawa, na mimi siendi huko, nawatakia heri. Lakini kiwanjani sheria ni moja. Nasema bila kusita: mwalimu anayewaacha wa mwisho wajikokote wenyewe amefundisha nusu ya kundi, tena ile nusu isiyomhitaji.

Wapo wanaodhani mwendo huu ni wa wazee na hauhusiani na mbio za kweli. Arusha ni mahali pazuri pa kuwajibu. Wanariadha wakubwa wa nchi hii hupishana nasi alfajiri upande wa Sakina na Ngaramtoni, nao huenda kwa makundi. Mmoja wao, Alphonce Simbu, amefanya mazoezi katika mji huu miaka mingi. Tarehe 15 Septemba 2025, katika mbio za marathoni za mashindano ya dunia jijini Tokyo, alikaa ndani ya kundi hadi mwisho wa njia, na uwanjani, mita za mwisho kabisa, akampita Mjerumani Amanal Petros. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha iamue, kwa tofauti ya sehemu 3 kati ya 100 za sekunde. Hakuna Mtanzania aliyewahi kupata dhahabu ya mashindano hayo kabla yake. Kwetu ilikuwa bado usiku. Tulipofika kiwanjani alfajiri kina mama walipiga vigelegele hadi mlinzi wa shule akatoka kuuliza kuna harusi ya nani.

Na jina jingine tunalolitaja mbele ya watoto ni la John Stephen Akhwari, kijana wa Mbulu, aliyeumia goti katikati ya marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na akaimaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, giza limeingia na watu wameanza kuondoka uwanjani. Nchi yetu inamkumbuka wa kwanza na inamkumbuka wa mwisho. Ni urithi mzuri, na mwalimu wa mazoezi wa Kitanzania akiusahau amepoteza silaha.

Viongozi wamejitahidi kuhimiza. Zanzibar wana siku yao ya mazoezi kila Januari mosi. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Siku hizo hutuletea watu wapya, nasi tunawapokea kwa furaha. Kumfanya mtu arudi Jumanne ni kazi nyingine. Hurudi kwa sababu kuna mtu aliyemwita kwa jina lake, na kwa sababu asipokuja saa 12, saa 2 simu yake inaita.

Hapo ndipo kundi la mazoezi linapogeuka jamaa. Tulianza na kundi la WhatsApp la kukumbushana muda. Likawa la kuuliza nani hajaonekana. Kisha tukaweka mfuko mdogo wa shida na raha, katibu, mweka hazina, daftari, kama ilivyo kwa vikundi vyetu vyote. Mume wa mmoja wetu alipofariki, mweka hazina alifika na rambirambi, madereva walileta magari, vijana wa kukimbia walibeba maji na kupanga viti usiku kucha, na sisi wengine tulikuwa jikoni kwenye masufuria. Siku ya mazishi, mshereheshaji akawa anaita makundi kuweka mashada, kwa utaratibu wa kwetu: familia, ukoo, ofisi ya marehemu, jumuiya ya kanisani, kikoba cha mama. Halafu akasoma kwenye karatasi yake, "Kikundi cha mazoezi." Tukasimama. Nilitazama nyuma nikaona mstari wetu ni mrefu kuliko wa ofisini, na aliyetangulia na shada alikuwa bibi wa kigoda na fimbo yake, kwa sababu hakuna aliyefikiria kumpita.

Mimi bado nashona. Filimbi hailipi ada za shule, na sijawahi kuitoza. Wapo rafiki zangu wanaofundisha mazoezi kwa malipo kwenye majimu ya mjini na wanaifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Wanastahili ujira wao. Kwangu huu ni wito uliokuja umechelewa, nikiwa na umri ambao wengine wanafikiria kupumzika, na umenipa watu ambao cherehani isingenipa, hata kama wengi wao niliwahi kuwapima viuno.

Jambo linaloninyima usingizi ni kiwanja. Mji unakua, ardhi ina bei, na kila mwaka nasikia eneo jingine la wazi limezungushiwa ukuta: lililokuwa la mpira limekuwa la maduka, lililokuwa la watoto limekuwa maegesho. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ipo, na ramani zipo ofisini, lakini ramani hailindwi na mtu asiyejua kama ipo. Sisi tunakanyaga kiwanja cha shule kwa hisani ya mwalimu mkuu, na hisani hiyo ikihama naye tutakuwa barabarani na bodaboda. Bila ardhi tambarare ya watu wote, yote niliyoyaeleza hapa hayana pa kufanyikia. Mwenye fedha atapata jimu. Yule bibi wa Ng'iresi hatapata pa kutandika mkeka.

Kwa hiyo naomba. Mwenyekiti wa mtaa, diwani, mwalimu mkuu: kiwanja kilicho mkononi mwako usikikate kipande. Na wewe msomaji, nenda ofisi ya mtaa wiki hii, uliza ramani ya mipango miji inasema nini juu ya eneo la wazi lililo karibu na kwenu, limeandikwa kwa matumizi gani na kwa jina la nani. Ukishajua, waite majirani watano, mkutane hapo saa 12 asubuhi, na mtakapoanza kukimbia, muulize aliye taratibu kuliko wote ni nani. Mwekeni mbele.